Siku moja maishani mwangu: foremani wa saiti Dodoma niliyelelewa na skauti

Kwa wasionifahamu, mimi ni foremani wa ujenzi, mwanamke, naishi Nkuhungu hapa Dodoma, na saiti niliyopo sasa iko Nzuguni upande ule wa stendi kuu ya mabasi. Watu wakisikia nimepita skauti tangu shule ya msingi kule Morogoro wanachokumbuka ni gwaride na skafu, wanakumbuka Mwenge unapita na katoto kamevaa kaki kananyoosha mikono kumvisha mgeni skafu, basi, skauti imeishia hapo. Mimi nawaambia kilichonijenga mpaka leo naongoza watu arobaini siyo gwaride, ni patroli, yaani lile kundi dogo la skauti wachache na kiongozi wao. Nimeona nieleze kwa siku moja tu, Ijumaa iliyopita tulipomwaga zege la slabu, ile sakafu ya juu ya ghorofa, maana siku ya zege ndo siku foremani anajulikana kama ni kiongozi au ni mtu wa kupayuka.

SAA 10 NA NUSU ALFAJIRI

Naamka, kitu cha kwanza natoka nje kuangalia mawingu. Dodoma mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, na ikiamua kunyesha haikupigi hodi. Anga liko safi ila upepo una unyevu, nikalitia hilo akilini. Begi nilishalipanga jana usiku: tochi, futi, filimbi, daftari, kalamu mbili, kamba, na kiboksi cha huduma ya kwanza chenye bendeji, glovu, sabuni na paketi za ORS za kurudisha maji mwilini. Mume wangu ananiambia mama unaenda kazini au unaenda kambini, namwambia vyote.

Mwalimu wetu wa skauti Moro alikuwa hataki kabisa kusikia mtoto anasema nimesahau. Hakuchapi, hakufokei, anakuuliza tu jana jioni ulikuwa unafanya nini. Ukishaulizwa hivyo mbele ya wenzako na vyungu vyenu vimebaki shuleni na mko mlimani Uluguru, hakuna haja ya kukufundisha tena maana ya Uwe Tayari, kaulimbiu yetu ya skauti.

SAA 12 ASUBUHI

Nimefika saiti, namwamkia babu mlinzi shikamoo, ananijibu marahaba mwanangu usiku ulikuwa shwari, naingia moja kwa moja chini ya slabu na tochi. Hapa nikae kidogo maana ndo roho ya kazi yenyewe. Zege bichi mita moja ya ujazo lina uzito kama wa tani 2.4, na slabu yetu ni kama mita za ujazo 25, kwa hiyo leo tunapandisha tani 60 juu ya mbao zilizoshikiliwa na mirunda. Miti! Kwa hiyo napita mrunda mmoja baada ya mwingine, nausukuma kwa bega, naangalia kabari iliyogongwa chini imekaza, naangalia mti umesimama juu ya kipande cha mbao na siyo kwenye udongo mtupu, maana udongo wa huku ukilowa unalainika na mti unazama.

Halafu jukwaa la watu wa ndoo. Misumari ipo lakini mimi jukwaa langu lazima lifungwe na kamba pia pale miti inapokutana, na kufunga kwenyewe ni kulekule tulikofundishwa kambini: unaanza na klovu hichi, fundo la kushikia kamba kwenye mti, pale kwenye mti uliosimama, unazungusha kamba kupita mbele ya mmoja na nyuma ya mwenzake mara tatu nne ukiilaza vizuri isipandiane, halafu unapita katikati ya miti miwili unaikaba ile mizunguko mpaka kamba inalia, unamaliza na klovu hichi nyingine. Hiyo ya katikati ndo wengi wanairuka. Ukiiruka kamba inaonekana imefungwa kumbe imevikwa tu, mti ukitikiswa nusu saa inalegea. Nikakuta fungo moja halijakabwa katikati, nikalifungua lote nikamwita kijana aliyelifunga, nikamwonyesha mara moja, la pili akafunga mwenyewe mbele yangu. Ningeweza kulifunga mimi kwa dakika mbili nikaendelea na safari yangu lakini kesho angefunga vilevile.

SAA 1

Mstari. Watu wote wamefika, mafundi wetu, saidia fundi, na kundi la watu wa zege waliokuja kwa kazi ya siku moja. Ndo hapa ninaposema patroli. Siwapangii kazi watu arobaini, nani ataweza kuwashika watu arobaini kichwani? Nawagawa makundi ya watu sita, saba, nane mwisho. Mixa ya kwanza ya kuchanganyia zege, mixa ya pili, ndoo upande wa kulia, ndoo upande wa kushoto, watu wa juu wa kutandaza na vaibreta ya kutikisa zege lishikane, na kundi dogo la chini na maji. Kila kundi lina kiongozi mmoja, na mimi naongea na viongozi, kiongozi anaongea na watu wake.

Hii siyo akili yangu. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, mwaka 1907 alipofanya kambi ya kwanza kisiwa cha Brownsea kule Uingereza alichukua vijana kama 20, wengine watoto wa matajiri wa shule kubwakubwa na wengine watoto wa wafanyakazi wa kawaida, akawachanganya, akawagawa patroli nne na kila patroli na kiongozi wake kijana mwenzao. Yeye mwenyewe jenerali wa jeshi, angeweza kusimama mbele akawaamrisha wote, akaamua kijana ndo amwongoze kijana. Na alimaanisha, yaani kiongozi wa patroli ndo anajibu kama hema halijasimama. Mzee huyo amezikwa hapa jirani tu, Nyeri, Kenya, alifariki tarehe 8 Januari 1941, na kwenye kaburi lake wamechora duara lenye nukta katikati, ile alama ya njia tunayofundishwa skauti kwamba nimeshakwenda nyumbani. Siku nikipata nauli na likizo vikakutana nitaenda kuliona.

Sasa kwenye kugawa watu kuna jambo gumu ambalo vitabu vya uongozi havinisaidii. Kiongozi wa mbao hapa saiti ni mzee wa umri wa baba yangu, mimi namwamkia shikamoo kila asubuhi, halafu dakika tano baadaye nampa kazi. Skauti nilikuwa kiongozi wa patroli nikiwa darasa la sita na nilikuwa na wa darasa la saba ndani ya patroli yangu, wakubwa kwangu kabisa, na mmoja alikuwa mbishi hatari. Nilichojifunza ni kwamba mkubwa humwamrishi, unamkabidhi. Kwa hiyo simwambii mzee fanya hivi, namwambia baba, mirunda yote leo iko mikononi mwako, ukiniambia simama mimi nasimamisha zege. Na ni kweli, akisema simama nasimama. Ukimkabidhi mtu kitu halafu ukamzunguka nyuma ameshakujua, hutampata tena.

Kule chini nikamweka na kijana mmoja saidia fundi, mkimya, hajawahi kupewa kitu cha kuongoza, wenzake wakashangaa. Nikamvua mbele ya watu kofia yake ya kitambaa nikamvisha helmeti nyekundu, nikampa na filimbi yangu. Kazi yako ni kutembea chini humu kutwa nzima unaangalia mirunda na kabari. Ukiona chochote piga filimbi mara tatu, usiniulize kwanza, usimuulize mtu. Watu wote mmesikia? Filimbi tatu, mixa zinazimwa, ndoo zinawekwa chini, hakuna anayetembea juu. Wakajibu tumesikia, nikawarudishia tena swali mmesikia nini, wakasema wao wenyewe. Halafu tukaanza.

SAA 1 NA NUSU MPAKA SAA 4

Mixa zinanguruma, simenti mfuko mmoja, mchanga na kokoto kwa maboksi ya kupimia aliyotupa injinia, maji kwa ndoo iliyowekwa alama, hakuna cha kukadiria kwa macho. Watu wa maji ndo majaribu makubwa siku ya zege, maana zege likiwa zito wabebaji wanalalamika na mtu wa mixa anaongeza kopo moja la maji, kopo jingine, zege linateleza vizuri kama uji na nguvu yake imekwisha. Hapo ndo uaminifu unapoonekana, na ndo maana kanuni ya kwanza ya skauti ni kwamba skauti anaaminika. Mimi siwezi kusimama kwenye mixa mbili kwa wakati mmoja, lazima nimwamini mtu.

Kuna saiti moja niliwahi kufanya kazi miaka ya nyuma, sitaitaja, foremani alikuwa anashika kila kitu yeye, funguo za stoo yeye, kuhesabu mifuko yeye, hata vaibreta anakunyang'anya mkononi. Siku akiugua saiti inalala. Watu walikuwa wanamwogopa na walikuwa wanamwibia pia, yote mawili kwa pamoja. Nikiwa pale saidia fundi, nimetoka VETA na cheti changu cha uashi, nikawa najiuliza huyu baba hajawahi kulala kambini na watu?

SAA 4

Filimbi. Mara tatu.

Mixa zikazimwa, nikasikia kabisa ukimya unatoka chini unapanda juu, mtu mmoja wa ndoo akataka kumalizia ndoo yake kiongozi wake akamshika mkono. Nikashuka. Kijana ananionyesha kwa kidole, mrunda wa tatu kutoka ukutani, chini ya boriti, kabari yake imetoka upande kama unene wa kidole na mti umeanza kuegemea. Hauonekani ukiwa unapita haraka, unaonekana kwa mtu aliyepita hapo mara nyingi na anajua ulivyokuwa. Mzee wa mbao akaja, akachuchumaa, akagonga kabari mpya, akaongeza mrunda wa pili pembeni na kamba ya kuushika na mwenzake. Dakika kama kumi.

Naomba mnielewe hapa. Yule kijana amesimamisha watu arobaini na mixa mbili, mwenye nyumba yupo pale anaangalia saa, na zege lililoshatoka kwenye mixa linataka liwe limelala mahali pake ndani ya saa moja na nusu hivi. Kupiga ile filimbi kunataka moyo. Angekuwa na wasiwasi kwamba atafokewa angesubiri aangalie tena, angeenda kumuuliza mtu, na tani zote zile ziko juu ya kichwa chake yeye. Nilimshika bega mbele ya watu wote nikamwambia asante, umefanya kazi yako. Nikapanda juu tukaendelea. Mwenye nyumba akaniuliza kwa nini umemweka mtoto sehemu kama ile, nikamwambia mzee, nimemweka kwa sababu anaangalia.

SAA 5

Chai haijasimamisha kazi, tunakunywa kwa makundi, kundi moja linakwenda kwa mama ntilie kula chapati na maharage na jirani zao wanaziba nafasi. Viongozi wa makundi wanakula mwisho na mimi nakula baada yao. Sijawahi kuitangaza kama sheria, wameiga tu. Kambini tulikuwa tunapakua hivyohivyo, aliyeshika mwiko sahani yake ni ya mwisho, na kama ugali umepungua umempungukia yeye.

Injinia mshauri amekuja na koni yake ya kupimia ulaini, ile ya sentimita 30 kwenda juu, amejaza, amenyanyua, zege limeshuka kidogo tu kama inavyotakiwa. Tukajaza na vile viboksi vya mchemraba vya milimita 150, ambavyo zege lake likishakauka litavunjwa maabara siku ya 7 na siku ya 28 kupima nguvu. Nikamuomba tukubaliane kabisa kabla ya mvua mahali pa kusimamia endapo kazi itakatika, akapachora kwa chaki kwenye mbao za pembeni. Aliniangalia kidogo akaniuliza dada wewe ulisoma wapi uongozi, nikamwambia skauti, akanyoosha mkono wa kushoto. Kumbe na yeye! Tukasalimiana kwa kushoto pale juu ya nondo, vijana wanatushangaa.

Huo mkono una kisa. Nilipojiunga nikarudi nyumbani nikamsalimia bibi kwa kushoto nikielezea tulichofundishwa, bibi alikasirika vibaya, kwetu kushoto humpi mtu mzima kitu sembuse salamu. Mwalimu wetu alivyosikia hakutucheka, akatueleza ile simulizi ya Waashanti wa Ghana, kwamba kushoto ndo mkono wa ngao na shujaa akikupa huo ameweka ngao chini, kisha akasema salamu hiyo ni ya skauti kwa skauti, nyumbani kwa bibi fuateni ya bibi. Hilo nalo limenisaidia sana kazini, kujua kila mahali pana adabu yake. Hapa Dodoma nikiingia kijijini kwa wazee wa Kigogo kutafuta mchanga naanza na mbukwenyi, salamu yao, kwanza, bei baadaye.

SAA 6 NA NUSU

Swala ya Ijumaa. Karibu nusu ya watu wangu ni Waislamu na hili lilishapangwa jana, kila kundi lina wa kwenda na wa kubaki, njia mbili za ndoo zikawa moja, mixa moja ikapumzishwa na kusafishwa. Hakuna aliyekuja kuniomba ruhusa kwa unyonge. Wajibu kwa Mungu umo ndani ya ahadi ya skauti na haisemi Mungu wa nani, patroli yetu ilikuwa na Waislamu, Wakatoliki na Walutheri na tulikuwa tunasubiriana. Waliporudi, Wakristo nao wakaenda kula, kazi ikarudi kwenye mwendo wake.

SAA 8

Wingu limekuja kutoka mashariki, jeusi, na ule upepo wa alfajiri sasa umejieleza. Tumebakiza kama robo ya slabu. Hakuna aliyekimbia, turubai ziko tayari juu zimekunjwa, watu wa juu wakazikunjua kuanzia sehemu mbichi zaidi, kila kona kamba na bolaini, lile fundo la kitanzi, maana bolaini haikazi ikashindikana kufunguka, mvua ikiisha unaifungua kwa kidole gumba. Tukasimamishia kazi palepale kwenye alama ya chaki. Ikapiga kama nusu saa, kubwa. Watu wote chini ya bati la stoo, na wakaanza kuimba, sikuwaambia mimi, mtu wa mixa ya pili ndo alianzisha. Mvua ilivyokata tukatoa maji yaliyotuama, tukakwangua na kusafisha ule ukingo tuliosimamia, tukaupaka uji wa simenti, tukaendelea.

SAA 11 KASORO

Slabu imeisha. Halafu inakuja ile sehemu ambayo saiti nyingi watu wanatawanyika: kuosha mixa, kuosha karai na toroli, kuokota mifuko ya simenti, kung'oa misumari kwenye mbao zilizozagaa. Tunafanya wote, hata mimi na chepe langu. Baden-Powell kwenye ujumbe wake wa mwisho kwa skauti aliwaomba wajitahidi kuiacha dunia ikiwa bora kidogo kuliko walivyoikuta, na sisi kule kambini tulikuwa tunaanzia kwenye majivu ya jiko letu. Mtu akiondoka kambi hatakiwi kujua mlipikia wapi.

Baadaye viongozi sita na mimi tukakaa kwenye mbao dakika kumi na tano. Skauti tuna baraza la heshima, viongozi wa patroli wanakaa wanaongea mambo ya kikosi, na mimi nimelihamishia saiti kama lilivyo. Anaanza mdogo kuliko wote, mkubwa anamaliza, kwa sababu mzee akishasema yake kijana hatasema tena. Kwa hiyo akaanza yule wa helmeti nyekundu. Alisema kwa sauti ndogo kwamba kabari zote upande wa ukutani zimechongwa fupi na ndo maana ile imetoka, na zikibaki hivyo ghorofa linalofuata itatokea tena. Mzee wa mbao akanyamaza kidogo, mimi moyo unanidunda, halafu akasema mtoto yuko sahihi, Jumatatu nachonga nyingine. Nikaandika kwenye daftari.

SAA 2 USIKU

Niko nyumbani, nimeoga, miguu inawaka. Meseji ya mwalimu wa shule ya msingi ya hapa mtaani, anauliza kesho nitakuja kwa watoto au nimechoka. Tarehe 22 Februari ni kumbukumbu ya kuzaliwa mwanzilishi wetu na watoto wanataka waonyeshe wazazi daraja la kamba. Nikamjibu nakuja saa 3, awagawe sita sita kabla sijafika na wachague wenyewe viongozi wao, na akiona wamemchagua mkimya asiwabadilishe. Kamba nitaleta zile za turubai zikishakauka.

Wazazi wengine wananiuliza skauti itamsaidia nini mtoto, si atapoteza muda wa tuisheni. Mimi naona anayekuja kuomba kazi kwangu na cheti kizuri, ukimuuliza umewahi kushika watu wangapi mkalala njaa au mkashiba pamoja, hana jibu. Hesabu za zege nitamfundisha kwa wiki mbili. Hilo jingine sijui nitamfundishia wapi akiwa na miaka 25.

Kabla ya kulala nikampigia yule kijana. Slabu inataka maji siku 7 mfululizo, asubuhi na jioni, magunia yasikauke, nikamwambia maji ni yako, chagua wawili wa kukusaidia. Akaniuliza dada, nichague mimi? Nikamwambia ndiyo, wewe. Akakaa kimya kidogo akataja majina mawili, na mmoja ni yule aliyekuwa anamcheka asubuhi alipovishwa helmeti. Nikamwambia sawa, saa 12 kamili, funguo ya pampu iko kwa babu mlinzi.